Aliko Baba Anatoli

Nyahanga, Kahama
11 Agosti 1986

Mwanangu Anatoli,

Natumaini hujambo na baridi ya huko haijakuzidi. Sisi ni wazima, ila mimi usingizi sina. Baba yako alitoka Ushirombo na lori la pamba, Geita hakufika. Leo ni siku ya tisa. Wakubwa wake wa kazi wanasema huenda ameiuza pamba, mimi nawatazama tu.

Uliniandikia kwamba huko mnatengeneza mashine ya kujua lori liko wapi kwa kutumia setilaiti. Iulize basi. Lori lake ni la kijani, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya.

Mama yako,
Philomena

Hamburg
2 Septemba 1986

Mama mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisoma nimesimama. Mama, nilijisifu kupita kiasi. Mashine yetu hailitafuti lori. Lori lenyewe ndilo hubeba kisanduku, nacho hupokea mawimbi ya setilaiti, hupiga hesabu ya mahali kilipo, kisha hutuarifu kwa redio. Visanduku tunavyo vitatu tu. Setilaiti nazo bado chache. Kuna saa hazipo kabisa, tunakunywa kahawa tukizingoja. Lori la baba halina kitu hicho. Nimeona aibu sana. Hapo nyumbani umeulizia wapi?

Mwanao,
Anatoli

Nyahanga
5 Oktoba 1986

Ng'wanawane, mwanangu,

Marahaba. Nashukuru u mzima. Aibu iache, baba yako amepatikana.

Si unajua madereva wote wanakunywa chai kwangu. Kila aliyeondoka nilimwagiza amuulizie. Unakumbuka desturi yao: wakikutana njiani husimama dirisha kwa dirisha, wakaulizana nani umemwacha wapi. Wiki iliyopita Bujiku, yule dereva wa lori la mafuta, akaniletea jibu. Baba yako alipita njia ya mkato, lori likapinduka porini. Hakuumia. Miaka thelathini ya usukani hajawahi kugonga hata mbuzi, akashindwa kurudi kuonyesha uso. Yuko Nyarugusu, anachimba dhahabu. Alimwambia Bujiku, "Mwambie nitarudi nikiwa na kitu mkononi."

Basi sasa najua aliko. Nilidhani nikijua nitalala, wapi! Wewe najua uliko mwaka wa saba huu, mpaka namba ya nyumba, na bado basi la Mwanza likisimama nawatazama wanaoshuka.

Mama yako,
Philomena

Hamburg
30 Oktoba 1986

Mama, shikamoo.

Na mimi nilikuwa nangoja niwe na kitu mkononi. Masomo yalinishinda mwaka wa tatu, Mama. Hapa kazi yangu ni kufunga vile visanduku kwenye malori, nazikaza skrubu. Nilishindwa kukwambia.

Nimekata tiketi. Nitapita Nyarugusu kwanza nimchukue baba, tuje wote wawili mikono mitupu.

Usijibu barua hii, jibu halitanikuta.

Mwanao,
Anatoli