Kwaya ya Nyuma ya Pazia

Jumanne, jioni. Nje kuna ule unyevu wa Agosti ambao ukifungua mlango tu miwani inaingia ukungu. Nimefika chumbani Al Nahda, huku kwa Waarabu, nimelowa kama shuka zangu za kazini, na moyo haujatulia tangu Jumapili.

Wacha niyaandike yote hapa, maana nikiyameza hayatashuka.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Riziki yangu ni kufua na kupiga pasi shuka za hoteli moja kule Garhoud, lakini nikiulizwa mimi ni nani, jibu linalonijia kwanza ni kwaya. Tuko wanawake sita, Wakenya watano na Mganda mmoja. Tunafanya mazoezi hapa chumbani kwangu kila Jumatatu alasiri, siku yangu ya mapumziko. Wenzangu wanakuja na sare zao za kazi, wengine hawajala, na mmoja huwa anasinzia amesimama.

Chumba chenyewe tunaishi wanne, kila kitanda na pazia lake. Pazia la dirishani ni la Mwanaidi, binti wa Tanga, anayefanya usafi uwanja wa ndege usiku kucha. Mchana wetu ndio usiku wake. Ni Mwislamu, mpole, na hajawahi kutulalamikia hata mara moja. Upole wake ndio ulionitia haya. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza niliweka sheria: tunaimba chini chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Anayepandisha sauti namwonyesha pazia kwa kidole. Hata makofi tunapiga kwa vidole viwili.

Tumeimba hivyo karibu mwaka mzima.

Jumapili hii hatimaye tukapewa zamu ya kuimba ibadani. Tulishona vilemba vya rangi moja. Nikainua mikono, tukaanza, na sauti ikatoka ile ile ya chumbani. Nikainua mikono zaidi. Wapi! Fundi wa mitambo akaanza kukagua nyaya akidhani maikrofoni imekufa, na waumini wa viti vya nyuma wakainama mbele kama watu wanaosikiliza redio iliyoishiwa betri. Tulipoanza kuipata sauti, muda wetu ulikuwa umekwisha. Jengo tunalitumia kwa zamu na makanisa mengine, na Wafilipino walikuwa tayari mlangoni na magitaa yao.

Nje, mzee wetu wa kanisa, Mzee Kioko, akanitania mbele ya watu. "Mwalimu, leo mlituimbia, ama mlituombea kimoyomoyo?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kwenye basi nililia.

Nikiri tu: nilimkasirikia Mungu. Siku nzima nasimama kwenye mvuke, miguu inavimba mpaka viatu vinakataa kutoka, halafu mapumziko yangu, badala ya kulala, nayatoa kwa ajili yake. Ili niwe kichekesho? Mzee Kioko si mtu mbaya. Kabla hatujaachana aliniuliza kama tutaimba tena mwezi ujao, akaniomba nimjibu kufikia leo. Jibu nilikuwa nalo: atafute mwalimu mwingine.

Jana nikawaambia wenzangu hakuna mazoezi. Nikajilaza, chumba kimya, nikingoja ule utamu wa kupumzika. Haukuja.

Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta Mwanaidi ameamka mapema, anachemsha chai ya tangawizi kabla ya kwenda kazini. Akanimiminia kikombe. Akasema, "Da Robai, nina neno na wewe."

Nikajua khalas, uvumilivu umekwisha, leo anatufukuza. Nikaanza kuomba radhi kabla hajafungua kinywa: kwamba najua anachoka, kwamba tutatafuta mahali pengine, kwamba kwaya yenyewe pengine inavunjika. Akaniacha nimalize.

"Mbona jana hamkuimba? Sikupata hata lepe la usingizi."

Nikamtazama nikidhani ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Akanieleza kwamba kwao alikulia nyumba iliyojaa watu, mtoto unalala huku shangazi zako wanatwanga na kuongea uani. Hapa kimya cha mchana kinamtisha. Kila akifumba macho anahisi yuko peke yake duniani. Ila Jumatatu akitusikia, anajua nyumba ina watu, na Jumatatu ndiyo siku anayolala usingizi wa kweli. Ana dini yake na mswala wake, na hayo hatukuyagusa. Tulikunywa chai tu.

Halafu akaongeza, kwa aibu kidogo, "Lakini ule wimbo wa mwisho mnauimba chini mno. Nautegea sikio nashindwa kuushika. Ongezeni sauti, jamani."

Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kisha machozi yakatoka, na Mwanaidi akanipigapiga mgongoni akidhani ni ile chai.

Mwaka mzima nimekuwa nikimkinga na kitu alichokuwa anakingoja. Nilidhani huduma yangu itaanza siku tutakaposimama mbele ya kanisa. Kumbe ilianza zamani, ilikuwa imelala nyuma ya pazia, na inakoroma.

Miguu bado inauma, na kesho shuka zinanisubiri. Lakini nina furaha, furaha ya kweli, na sijui niiweke wapi katika chumba hiki kidogo.

Mzee Kioko nimemjibu: tutaimba. Mwanaidi ameshatoka kwenda kazini, pazia lake liko wazi, kitanda kimetandikwa.

Jumatatu, tukifika wimbo wa mwisho, sitamwonyesha mtu pazia.