Kitufe cha Kubonyeza kwa Mguu

Shanwe, Mpanda

Mjukuu wangu Nestori,

Huku tu wazima, ila mtoto anaota meno, silali. Usicheke nikikuita mjukuu. Kiukoo mimi ni bibi yako, hata kama bado nanyonyesha.

Unasema fundi wako amekataa kuweka kijiti cha kuongozea gemu upande wa kushoto wa kabati lenye skrini mnalotengeneza, lile la kuchezea gemu umekaa, eti wewe mashoto ujizoeze mkono wa kulia.

Nilipomzaa Rehema, babu yako, yaani mume wangu, alileta gemu ya kuunga kwenye TV. Ilitaka mikono miwili, na wangu mmoja ulikuwa umemshika mtoto.

"Mama Rehema, subiri kwanza akue," akaniambia.

Sikusubiri. Nilichukua kitufe cha kengele ya mlango, nikakiunga kwa waya kwenye gemu na kukipigilia kwenye ubao mbele ya stuli. Nikawa nafyatua risasi kwa kidole gumba cha mguu, Rehema ananyonya. Babu yako alicheka mpaka nilipomshinda. Kesho yake nikamkuta kwenye stuli ile, amevua kiatu.

Weka kijiti kushoto, mwanangu. Fundi akitaka kucheza, ajizoeze yeye.

Bibi yako,
Mama Rehema