Mimba Ilikwisha, Mizinga Haikurudi

Dada Sabina,

Najua husomi tena. Homa ilikuchukua masika ya mwaka juzi. Naandika hata hivyo, tena hadharani, hapa gazetini, kwa sababu nimerudi jana kutoka nyumbani Mpanda na huko nimesikia maneno yaleyale uliyoambiwa wewe miaka ya sabini, na sasa tuko miaka ya tisini. Nimechoka kuyasikia.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilining'inia juu ya miti ya mininga, mbali na kijiji kipya tulichohamishiwa. Siku moja akiwa anarina, akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Mtoto wa kiume nilikuwa mimi peke yangu, na mimi nikipanda ngazi tu kichwa kinazunguka. Msimu ulipofika ulivaa kaptura ya Baba chini ya kitenge, ukachukua kamba na mwenge wa kufukizia nyuki, ukapanda.

Nilikuwa likizo, nikaona. Baba mdogo alisimama chini akicheka.

"We Sabina! Utazalia huko juu?"

"Nikizalia huku, Baba mdogo, mtoto hatakosa asali."

Ulishusha madebe yaliyojaa. Baba alionja, akakwambia, "Lile tawi la juu mimi nilikuwa naliogopa. Linataka mtu mwepesi."

Misimu mitatu uliilisha nyumba ile. Ukaolewa hapohapo kijijini, ukapata mimba, ukasema mwenyewe bila kuambiwa na mtu: "Mwaka huu sipandi. Tumbo linagusa kamba." Hilo ni umbile, Dada, na sijawahi kulibisha. Anayebeba mimba ni mwanamke, anayenyonyesha ni mwanamke, na mikono ya wanaume wengi ina nguvu kuliko ya wanawake wengi.

Lakini ukoo uliitisha kikao. "Mnaona?" alisema Baba mdogo. "Umbile limejisemea lenyewe. Mwanamke si wa kupanda."

Baba alikuwa amekaa palepale, fimbo mkononi, mguu umepinda. Hakuna aliyemtazama akasema wanaume hawakuumbwa kupanda. Yeye aliyeanguka, ilikuwa ajali. Wewe ambaye hukuwahi hata kuteleza, ilikuwa maumbile. Mizinga nikapewa mimi, mwanafunzi wa bweni anayeogopa ngazi.

Uliinuka. "Mimba itakwisha. Nyie mnataka nikae nayo mpaka kufa."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Baba mdogo, "utamshtua mtoto tumboni." Wakacheka wote.

Anna akazaliwa. Ulipoomba mizinga, uliambiwa nyuki hawapendi harufu ya maziwa. Anna alipoacha ziwa ukaomba tena, ukaambiwa nyuki hawapendi damu ya mwezi. Baba alijua kwamba nyuki walikaa nawe misimu mitatu bila kuhama. Alinyamaza. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, lakini kwa nini alinyamaza sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo.

Vijana wa Baba mdogo walirina kwa niaba yangu, wakachoka, wakahamia mjini. Mizinga mingine ikaoza, mingine ikaanguka.

Sasa Anna amefikia umri uliopanda nao wewe. Safari hii nilimwambia Baba mdogo, mbele ya ukoo wote, kwamba mizinga iliyobaki nampa Anna.

"Anna? Huyo si wa kike?"

"Tangu azaliwe. Nakuuliza kama anapanda."

Akatema mate pembeni. "Kupanda, anapanda. Kama nyani. Lakini ataolewa huyo, atashika mimba."

"Basi atashuka apumzike. Akimaliza atapanda tena."

"Nyie watu wa magazeti," alisema, "mnapenda sana kubishana na Mungu."

Asubuhi yake tulikwenda porini watatu, Anna akapanda, na Baba mdogo akabaki chini nami akipiga kelele za maelekezo: shika hapa, kanyaga pale. Anna alikuwa ameshapapita.

Asali ilikuwa kidogo, nyeusi, imejaa takataka. Ndivyo inavyokuwa mzinga usipotunzwa. Ungekuwa umeushika wewe miaka yote hiyo, usingefika hapo. Hili ndilo linalonikera, na kwako wewe halina dawa tena.

Pumzika, Dada. Mizinga ni ya binti yako, na nimelisema mbele ya ukoo mzima.

Mdogo wako