Jua la Guangzhou

Jumapili, baada ya kuongea na nyumbani

Ramani niliichora mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nyumba ya mama kule Njombe ni vyumba viwili tu, matofali ya udongo wa palepale shambani na mbao za paa kutoka darasa la zamani lililobomolewa. Madirisha makubwa niliyaelekeza kusini ili jua la miezi ya baridi limpashe mama magoti yake. Laoshi, mwalimu wangu, aliisifu mbele ya darasa zima. Hapa Guangzhou jua la baridi hupita kusini, kwa hiyo kila mtu anataka kusini. Hata nguo zetu hosteli tunazianika balkoni ya kusini.

Leo mama kapiga video kunionyesha kuta zimefika usawa wa madirisha. Fundi akachungulia nyuma yake.

"Injinia, samahani. Huku kwetu Juni jua si linapita kaskazini?"

Nimekulia pale! Nimeanika mahindi upande ule utoto wangu wote, halafu nimempelekea mama jua la Guangzhou.

Kesho wanabomoa. Udongo hautapotea, utalowekwa na kufyatuliwa upya, lakini mvua ziko karibu na tofali bichi likinyeshewa... Sitaki kufikiria.

Nilimuuliza mama kama naye alijua.

"Nilijua tangu msingi," akasema. "Lakini ulikuwa na furaha sana, mwanangu. Nikasema basi, nitanunua blanketi lingine."