Viazi Alivyobakiza Kiboko

Jumatatu, 2 Juni

Nimekata viazi vitamu tangu asubuhi. Kidole gumba kina lengelenge. Viazi vilivyokatwa na jembe havikai, vinaoza na kuozesha na vingine, kwa hiyo vyote ni michembe. Vipande vyembamba, vibichi, vinaanikwa juu ya jabali nyuma ya nyumba. Jua zuri. Kufika jioni vilikuwa vimeanza kujikunja pembeni.

Mama anasema nakata vinene. Anasema mgahawa wa Igoma umeniharibu mkono. Labda. Nilipika pale nyama na samaki hadi nikachoka kunuka mafuta, na sasa nimerudi kumtunza mtu ambaye hali kitu chochote chenye macho. Nyama hali, dagaa hali, hata mchuzi wake hagusi. Tangu ujana. Ukimuuliza sababu anasema hana hamu, basi. Kwa hiyo ni choroko, karanga, matembele, na viazi. Viazi kila siku.

Masikio yake yamezidi kuwa mazito. Mpaka nimguse bega ndipo ajue nipo.

Alhamisi, 5 Juni

Matuta ya chini, yale ya kuelekea ziwani, yamevurugwa. Nilidhani ni ng'ombe wa Baba Masanja, jirani yetu. Nikaenda nimejiandaa kulalamika. Kisha nikaona nyayo. Vidole vinne, pana kama sahani. Mavi yametapanywa juu ya vichaka.

Kiboko.

Nilisimama na jembe mkononi nikitazama matete. Sikujua kama yumo.

Zamani palikuwa na kipande cha nyasi kati ya shamba na maji. Ziwa limepanda, nyasi zimemezwa. Sasa akitoka majini anakanyaga tuta letu.

Mama alikuja, akatazama. Akainama akaanza kuokota. Vilivyopasuka, vilivyopondeka, vilivyoumwa nusu. Nilimvuta kanga turudi. Aliniondoa mkono kama anayefukuza inzi.

Ijumaa, 6 Juni

Kiazi kilichokanyagwa hakikatiki vipande. Kinameguka. Nilivimenya, nikavichemsha, nikaviponda pamoja na choroko na kitunguu kilichokaangwa. Vilivyoumwa niliondoa sehemu yote ya meno na upana wa vidole viwili zaidi, nikafukia mbali.

Baba Masanja anasema mate ya kiboko ni sumu. Sijui kama ni kweli. Nilivichemsha mpaka vikawa uji na bado nilikula kwa woga. Mama alikula, akaongeza, akakomba sufuria.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nasikiliza tumbo lake. Na nje.

Jumapili, 8 Juni

Amekuja tena. Matuta mengine yamekwenda.

Baba Masanja alipita baada ya ibada kutupa habari. Mtu wa ng'ambo ya ghuba ameng'atwa paja asubuhi alipokwenda kuangalia nyavu zake. Wamempeleka hospitali mjini. Mwenyekiti wa kitongoji amewapigia watu wa wanyamapori, wameahidi kuja. Kwa sasa mtu asishuke ziwani kabla jua halijapanda. Na asisimame kamwe kati ya mnyama na maji, maana kiboko akishtuka hukimbilia majini, na kilicho njiani hukipitia.

Yote hayo nilimwambia mama sikioni, kwa sauti ya juu, moja moja. Akasema viboko walikuwepo kabla mimi sijazaliwa.

Nikampigia Lukasi, mdogo wangu, yuko Kiseke. Akasema tufunge nyumba twende kwake wote wawili, leo. Nikampelekea mama maneno yake.

"Na viazi nimwachie nani?"

Basi. Mjadala uliishia hapo. Nilikasirika nikaenda kukaa jikoni. Siyo hasira, ni woga. Vinafanana.

Jumanne, 10 Juni

Tumefunga kamba kuzunguka shamba na kuning'iniza makopo. Baba Masanja alitusaidia. Alitufundisha pia kuchanganya mavi makavu ya ng'ombe na pilipili za kusaga, tukachoma pembeni mwa matuta jua lilipoanza kuzama. Moshi ulitukohoza mpaka machozi. Sijui kama kiboko alikohoa.

Viazi vilivyochubuka tu, ambavyo ndani ni vizima, nimevikuna, nikachanganya na unga kidogo na pilipili hoho, nikakaanga vidonge vidogo. Vingine nimevichemsha, nikavimenya, nikavikata na kuvianika. Hivyo ni matobolwa, mama anavipenda kuliko michembe kwa sababu ya meno yake. Jabali limejaa. Anakaa pale na fimbo kufukuza kuku, mgongo kwa ziwa.

Mgongo kwa ziwa. Namwambia ageuke. Anageuka, baadaye namkuta vilevile.

Alhamisi, 12 Juni

Makopo yalilia. Nilikuwa napakua choroko. Yalilia upande wa chini, yakanyamaza, yakalia tena karibu zaidi. Kisha kitu kikavuta pumzi. Nzito, kama mtu anayekata gogo kwa msumeno mkubwa.

Mama aliendelea kula. Aliniuliza mbona nimeshika mwiko hewani.

Nikamwambia hakuna kitu. Nikafunga mlango, nikaegemeza meza.

Kusikia peke yangu ndani ya nyumba hii ni kubaya. Naogopa. Naogopa kweli.

Ijumaa, 13 Juni

Kamba imekatika, makopo yamebonyezwa kama karatasi. Pilipili haikusaidia.

Vilivyokaa na jeraha ardhini vimeanza kuingiwa na fukusi, wale wadudu wanaotoboa viazi. Vina vijia vyeusi ndani na harufu chungu. Hivyo havipikwi, uchungu hautoki hata ukichemsha, na ng'ombe nao wasipewe, wanaugua kifua. Nimevitupa. Mama aliumia kama nimemtupia mtoto. Anataka vilivyobaki vichimbwe vyote, upesi, kabla ya kiboko na kabla ya fukusi.

Ni wazo zuri. Tumekubaliana kesho saa nne, jua likiwa juu, Baba Masanja akiwepo. Nimemwambia sikioni mara nyingi. Saa nne, mama. Aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika hata hivyo.

Niliamka kumekucha lakini kuna ukungu. Kitanda cha mama kitupu. Jembe halipo. Beseni halipo.

Nilikimbia bila viatu. Nilimwona kwenye matuta ya chini, ameinama, anachimba. Nikataka kushukuru Mungu. Ndipo nikamwona kiboko.

Hakuwa majini. Alikuwa upande wa juu, anatoka kwenye mahindi ya Baba Masanja, amechelewa kurudi. Anashuka polepole kwenye njia yake. Mama yuko kwenye njia hiyohiyo, kampa mgongo. Mbele ya mama ni matete, na maji.

Kumwita mama hakukufaa, hasikii. Kumpigia kelele kiboko kungekuwa kumkimbiza kwa mama. Kukimbia nikamguse bega, nisingemuwahi. Niliyajua yote hayo kwa mara moja, na miguu yangu iligoma. Haikusogea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mkono ulisogea. Niliokota kiazi kwenye tuta nikarusha. Kikaanguka mbali. Nikarusha kingine, kikampiga mama begani.

Aligeuka kwa ukali. Aliniona mimi kwanza. Niliona mdomo wake ukianza kunigombeza. Nikapunga mkono kuelekea jabalini, pembeni, pembeni. Kisha akamwona.

Hakupiga kelele. Aliachia jembe akatambaa, mama yangu, kwa mikono na magoti, akakata matuta kuelekea jabalini. Kiboko alisimama. Akainua kichwa. Halafu akaondoka kwa kasi ambayo sikudhani mnyama wa vile anayo, ardhi ikagonga, akapita pale alipokuwa mama, beseni likapasuka, matete yakafunguka. Maji.

Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, ameegemea mwamba. Magoti yana damu. Kanga ilikuwa imelowa na haikuwa umande. Hatukulizungumza hilo. Nilivua yangu ya juu nikamfunga.

Kisha akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame.

"Nyamizi, sikumsikia. Sikumsikia kabisa."

Miaka yote nimemwambia masikio yake yamekwisha, naye akisema mimi ndiye ninayenong'ona. Leo amejua. Nilitamani asingejua.

Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda ibada. Magoti yake yamevimba. Nimemkanda kwa maji ya moto.

Kila nikitoka nje ananifuata kwa macho hadi mlangoni. Nikirudi namkuta anatazama palepale. Sijawahi kumwona mama akiogopa. Kiboko alinitisha. Hili linanitisha zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Watu wa wanyamapori wamefika, wawili, wamepiga hema karibu na mwaloni, pale wavuvi wanapotia mitumbwi. Wanasema watamsukuma arudi upande wa visiwani, na asiposukumika wataangalia la kufanya. Vijana wapole. Mama hakutoka kuwaamkua. Wao ndio waliingia, wakampa shikamoo, akaitikia bila kuinuka.

Lukasi amekuja toka Kiseke. Yeye na Baba Masanja wamechimba matuta yote yaliyobaki, jua likiwa kali, wale vijana wa wanyamapori wakiwa wamesimama pembeni. Vizima vichache. Vingi vina jeraha hili au lile. Nimetenga vya kuchemsha leo, vya kukata, vya kufukia. Matembele nayo nimechuma, nimeyaunga na karanga za kupondwa. Tumekula sote uani, ugali na matembele na viazi. Lukasi hakuulizia samaki.

Alimwomba tena mama waende wote Kiseke. Mama alisema atafikiri. Hilo hajawahi kulisema. Lukasi alifurahi. Mimi sikufurahi, wala sijui kwa nini.

Lukasi alipoondoka nilikwenda kugeuza michembe jabalini. Nikasikia kitu kinaburutwa ndani. Nilipoingia nikamkuta mama anavuta godoro lake, polepole kwa sababu ya magoti, kutoka chumbani kwake hadi changu. Nikashika upande wa pili. Tukaliingiza.

Mama aliliweka upande wa ukutani, akalisawazisha kwa mkono, akaniachia mimi upande wa mlango.