Mama Nuria Alikataa Kubonyeza "Endelea"

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi ndani ya droo za nguo. Nimeketi nje ya nyumba yangu hapa Chechelesi, na kwa mara ya kwanza wiki hii mwili wangu umetulia.

Nataka kuandika shukrani. Lakini kabla ya shukrani kuna la kukiri.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta na mtandao wa kliniki moja ndogo ya binafsi mjini Isiolo. Tuna kompyuta kumi na moja, printa zenye kiburi, na seva moja inayohifadhi mafaili ya wagonjwa wote. Karani wa rekodi ni Mama Nuria. Ana miaka hamsini na kitu. Alianza kazi wakati mafaili yalikuwa ya karatasi, na mpaka leo anachapa kwa vidole viwili.

Jumatatu alinipigia simu ya mezani. Kila alipojaribu kufungua mfumo wa rekodi, kompyuta yake ilitoa onyo jekundu kwamba muunganisho si salama, na huenda kuna mtu anayesoma anachoandika. Pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na neno Endelea. Mimi nilikuwa nimeona onyo hilohilo kwenye kompyuta yangu asubuhi hiyo. Nilidhani ni cheti cha usalama cha seva kimeisha muda wake, nikabonyeza Endelea, nikaandika nenosiri langu, nikaendelea na mambo yangu. Kwa hiyo nilimwambia naye abonyeze tu.

Hakubonyeza.

Alitoa daftari kubwa, akaanza kuandikisha wagonjwa kwa mkono. Kufikia saa tano foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika nje. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kutoka Merti kwa lori, mtoto wake ana homa, na alinung'unika kwa haki kabisa. Daktari mkuu akaja kuniuliza kwa nini tumerudi enzi za karatasi. Nilimjibu, na inaniuma kuyaandika haya, kwamba Mama Nuria anaogopa kompyuta.

Jumanne ikawa vivyo hivyo. Nilienda hadi mezani kwake, nikasimama nyuma yake, nikamwambia tena abonyeze, kwa sauti ambayo wagonjwa waliisikia. Alivua miwani.

"Akiru, mashine yenyewe inaniambia kuna mtu katikati," alisema. "Siri za watu si zangu kuzigawa. Nionyeshe kwamba hakuna mtu, halafu nitabonyeza."

Nilirudi kwangu nimekasirika, nia yangu ikiwa kumwonyesha kwamba hajui kitu. Nilianza na cheti cha seva. Kilikuwa kizima, na bado kina miezi mingi.

Hapo nikaanza kutafuta kwa makini.

Nieleze kidogo. Kwenye mtandao wa ndani, kompyuta ikitaka kuongea na seva huuliza wote waliopo: nani mwenye anwani hii? Anayejibu anaaminiwa. Haombwi kitambulisho. Mwenye nia mbaya akijibu "ni mimi", tena na tena, kompyuta humwandika yeye kama ndiye seva, na maneno yote hupitia kwake kwanza. Kinachomfichua ni namba ya kiwandani ambayo kila kifaa huwa nayo. Nilifungua orodha ya namba hizo kwenye kompyuta ya Mama Nuria. Kando ya anwani ya seva palikuwa na namba ambayo si ya seva yetu. Nilienda kwenye seva yenyewe nikalinganisha na kibandiko chake, tarakimu kwa tarakimu, mara tatu.

Kulikuwa na mtu katikati.

Niliogopa. Niseme ukweli, si kwa sababu ya kazi. Faili langu mwenyewe limo ndani ya seva hiyo. Yaliyoandikwa humo sitayaandika hapa. Nje ya chumba cha daktari yanajulikana na mama yangu na Mama Nuria tu. Kwa miaka minne amelitunza faili hilo, na hakuna siku hata moja aliyonitazama tofauti.

Swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao, inajua kila namba inatokea tundu gani. Hii ilitokea tundu la kumi na nne, ambalo kebo yake inafika kwenye sebule wanamosubiri wagonjwa, mahali ambapo zamani palikuwa na televisheni. Televisheni ilihamishwa, nami sikulizima tundu lake. Nilipiga magoti katikati ya miguu ya wagonjwa, nikapapasa nyuma ya benchi, nikakuta kisanduku kidogo kama kiberiti, taa yake ikipepesa. Nilikichomoa.

Daktari aliita polisi, wakakichukua. Askari wetu wa langoni alikumbuka mwanamume aliyevaa jaketi la kung'aa, aliyedai ametumwa kukagua nyaya. Ni nani, na alitaka faili la nani, mpaka sasa hatujui.

Nilipitia kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Nenosiri langu lilikuwa limepita mikononi mwa mtu huyo, lakini ni la ufundi tu, halifungui mafaili, na hakuna aliyelitumia kabla sijalibadilisha. Nenosiri la Mama Nuria ndilo linalofungua kila faili. Angenitii, yote yangekuwa wazi tangu Jumatatu.

Jumatano nilizima matundu yote yasiyotumika. Kisha nikaiwekea swichi ulinzi: sasa ina orodha yake ya nani alipewa anwani gani, na jibu lolote lisilolingana na orodha hiyo linatupwa. Jana asubuhi printa ya maabara ikanyamaza. Nilishtuka, kumbe anwani yake niliiweka kwa mkono zamani, haikuwamo kwenye orodha, na swichi imeichukulia kama mwizi. Nilicheka peke yangu, nikaiandikisha.

Kisha nikamwita Mama Nuria na daktari washuhudie. Nilijifanya mwizi kwa laptopu yangu, nikajibu kwamba mimi ndiye seva. Swichi ilinikataa na kulifunga tundu langu.

"Kwa hiyo hata wewe inakushika?" Mama Nuria aliuliza.

Nilimwambia hata mimi. Mbele ya daktari nikamwomba msamaha, kwa kumpigia kelele mbele ya watu na kwa kusema anaogopa. Akasema yeye aliogopa kweli. Alikuwa ameogopa tangu Jumatatu kwamba atafukuzwa kazi, na hata hivyo hakuona njia nyingine.

Hilo sikulijua. Nimelifikiria siku nzima.

Leo, aliporudi kutoka swala ya Ijumaa, nilimkuta akiingiza kwenye mfumo kurasa za lile daftari, kwa vidole vyake viwili. Nilivuta kiti, nikajitolea kumsomea majina ili amalize upesi. Alilifunika daftari kwa kiganja.

"Hayo si yako kusoma, binti yangu."

Niliinuka nikaenda chooni, nikalia kidogo, machozi ya shukrani.

Kesho sina zamu. Nitalala mpaka jua linitoe kitandani, maana faili langu liko kwa mtu anayejua kukataa.