Barua Saba za Kaka Gervas

Alhamisi, Kibondo. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu nao umelowa.

Shajara, wewe unajua. Kuanzia Kasanda mpaka Kasulu hakuna mkono unaoandika kama wangu. Niliishia darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Barua yangu ya uchumba ilimfanya Konsolata amkatae mwalimu mwenye pikipiki, akaolewa na mimi. Padri aliisoma akavua miwani, akafuta machozi.

Leo mkono huohuo umenivua nguo.

Kaka yangu Gervas alikwenda machimbo ya dhahabu binti yake Anastazia akiwa na miaka sita. Hakurudi. Sasa kuna bwana analima shamba lake kule Rungwe Mpya, ana karatasi ya mauziano, anaapa kaka aliiandika kwa mkono wake. Anastazia anasema imeghushiwa. Hakimu akataka mtaalamu wa maandishi, na Anastazia akampelekea huyo mtaalamu barua saba za baba yake, alizozitunza kwenye mfuko wa nailoni tangu utoto.

Mtaalamu ni mama mpole, ana lenzi na taa yake. Ili ahakikishe barua hizo ni za kaka kweli, alituandikisha ukoo mzima maneno yaleyale, kila mtu karatasi ishirini. Mimi najua ninachokijua, nikajifanya mjanja, nikalaza herufi kushoto. Kufika karatasi ya tisa vidole vimechoka, mkia wa "y" yangu ukajikunja wenyewe.

"Mzee wangu," akaniambia taratibu, "mkono ukichoka hurudi kwao."

Leo ametusomea majibu. Barua zote saba ni mkono wangu.

Anastazia hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Baba mdogo, hata ile ya kipaimara?"

"Hata ile, mama."

"Kwa hiyo baba hakuniandikia hata moja."

Nilitaka kumwambia jinsi alivyokuwa utotoni akishinda kizingitini akingoja barua, kila baiskeli ikipita anasimama. Mtoto hali chakula. Ningefanyaje? Lakini nikachukua kofia yangu, nikatoka. Mimi, wa kukosa maneno!

Na shamba nalo linakwenda, maana hakuna tena mwandiko wa Gervas wa kulinganisha na ile karatasi. Mtaalamu amesema ukurasa mmoja tu wa kweli ungetosha kuanzia.

Ukurasa huo upo.

Upo hapa nyumbani, kwenye sanduku la Konsolata, chini ya kitenge cha harusi. Wageni wakija huutoa na kuwasomea, na mimi huinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda shamba, nitamwomba anipe. Atauliza wa nini.

Ile barua aliiandika Gervas, mwanzo hadi mwisho. Mimi nililamba stempu.